Mdogo wangu alijitolea kujaribiwa dawa mpya ya TB, wakamwandika "hakupatikana"

Wakuu, nawasalimu nyote.

Nimesoma humu watu wakibishana kama ni akili kujitolea kujaribiwa dawa mpya. Sikupanga kuandika, lakini kuna mmoja amesema wanaojitolea "hutoroka katikati na kuharibu utafiti". Hapo nimeshindwa kunyamaza. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mwenyewe yuko hai.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya sabini, mtaa wa Bahati hapa Nairobi. Mama alifariki kwanza, kisha baba. Mimi kifungua mimba niliacha shule darasa la sita, nikaingia kibarua cha kufunga sabuni Industrial Area. Nilibaki na wadogo wawili: Wekesa wa miaka kumi na saba, na Nekesa aliyekuwa bado shule ya msingi.

Nyumba ilikuwa ya kanjo, yaani baraza la jiji, kwa jina la baba. Kanjo wangejua amekufa, wangetutoa. Kwa hiyo majirani wa laini yetu ya nyumba walikubaliana, bila hata kikao: yeyote mwenye tai na faili akiuliza, Mzee Wanjala yupo, ameenda kazini.

Kwa karani wa kanjo, baba yangu alifanya kazi miaka miwili akiwa kaburini.

Wekesa akapata TB. Alidungwa sindano kila siku mpaka akawa anakaa upande mmoja, na vidonge juu yake. Zaidi ya mwaka. Makohozi yakipimwa, bado yana wadudu. Akalazwa, akatoka, bado.

Daktari akatuambia wazi kwamba dawa za kawaida zimeshindwa. Kulikuwa na wenzake waliokuwa wakijaribu dawa mpya, nao walitafuta watu wa kujitolea. Hakuahidi chochote. "Inaweza kusaidia, inaweza isisaidie," alisema.

Wekesa akanitazama. "Dada, hii ya zamani tayari haisaidii. Niandikishe."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Karani akanisomea kwa Kiswahili, juu juu tu. Alipouliza wazazi, nilisema ukweli: wamekufa, mlezi ni mimi. Hospitalini sikuona sababu ya kudanganya. Nikatia sahihi.

Wiki sita za kwanza alianza kula. Mnaojua TB mnajua maana ya mgonjwa kuomba ugali mara ya pili. Siku moja nilimkuta anagombania ukoko na Nekesa, nikakaa mlangoni nikacheka peke yangu.

Kisha siku ya kliniki kadi yake haikuonekana. Sista akaangalia kitabu, akasema, "Huyu ametolewa. Alifuatwa nyumbani, hakupatikana. Anwani ni ya uongo."

"Sista, si huyu hapa amesimama mbele yako?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

Tulirudi bila kidonge hata kimoja. Jioni nikamuuliza jirani yetu, Mama Otieno, kama kuna mtu alikuja. Alikuwa akikata sukuma wiki, akanijibu kwa fahari kabisa.

"Alikuja mmoja na tai yake. Ananiuliza, 'Nyumba ya wale mayatima ni ipi?' Nikamwambia, mayatima gani? Hapa hakuna mayatima. Hapo anakaa mzee, yuko kazini. Aliondoka kama kuku aliyenyeshewa."

Nilipomweleza kwamba yule alikuwa mtu wa utafiti wa dawa, si wa kanjo, kisu kilimwanguka.

Na Wekesa siku hiyo alikuwa ameenda kuota jua uwanjani, kama alivyoagizwa na madaktari haohao.

Wakuu, sikumlaumu Mama Otieno hata dakika moja. Alikuwa ametulinda miaka miwili. Hasira yangu ni kwa yule aliyekuja mara moja, akauliza mlango mmoja, akamfuta mtu. Mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimemshindwa, unamfuta kwa kalamu kabla ya chakula cha mchana?

Kesho yake Mama Otieno alivaa nguo zake za kanisani, tukaenda wote mpaka kwa daktari mkuu wa utafiti. "Muongo ni mimi," akamwambia. "Kijana mpe dawa. Ukitaka kufukuza mtu, nifukuze mimi."

Daktari hakuinua kichwa. Alisema utafiti hauwezi kutegemea watu wanaobadilisha maneno. Alitaka barua ya ofisi ya mtaa, kuthibitisha kwamba Wekesa anakaa pale na mlezi wake ni mimi.

Yaani niende mwenyewe kwa karani wa kanjo nimwambie baba alikufa.

Njiani Mama Otieno alinishika mkono. "Mama Mdogo," maana ndivyo walivyoniita kwenye laini, "fikiria vizuri. Nyumba ikienda haitarudi."

Nilifikiria mpaka tukafika getini. Nikaingia.

Karani aliniandikia barua, akagonga muhuri. Halafu akavuta karatasi nyingine akatuandikia notisi ya kuhama, kwa kalamu ileile.

Tulihamia chumba kimoja cha mbao Mathare. Wekesa akarudishiwa dawa, baada ya wiki kadhaa bila kidonge. Alizimaliza zote, makohozi yakawa safi.

Siku ya mwisho nilimuuliza sista kama sasa wameandika amepona. Akafungua kitabu, akasoma, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kadi yake inasema amepona. Lakini kwenye utafiti hayumo. Zile wiki alizokosa dawa zilimtoa. Hapa imebaki 'hakupatikana'."

Imebaki hivyo mpaka leo, popote kitabu kile kilipo.

Sisemi dawa mpya ni mbaya. Bila hiyo ningezika mtu wa tatu. Kama mgonjwa wako amefika pale ambapo matibabu ya kawaida yameshindwa, nendeni mkaulize. Lakini kabla ya kutia sahihi, uliza nani atakuja nyumbani na atakuulizia vipi. Waambie majirani. Baki na nakala ya fomu.

Na nyinyi mnaoshika hizo kalamu, rudini mara ya pili. Gongeni mlango mwingine.

Wekesa sasa ana wajukuu. Jumapili huja kwangu Komarock, na bado anagombania ukoko. Kama humu kuna aliyewahi kufanya kazi ya utafiti, aandike hapa chini anieleze: huyu ninayempakulia chakula ni nani, kama hakupatikana?