Fundi Nafasi na Gauni la Dansi

Ilikuwa mwaka ule shule ilipopakwa rangi ya maziwa. La, nakosea. Rangi ya maziwa ilikuja mwaka uliofuata, baada ya paa la bwalo kuzibwa. Huu ulikuwa mwaka aliohamia mkuu mpya wa shule, yule mwenye viatu vinavyolia kila akipiga hatua, maana siku ya dansi kuta za bwalo zilikuwa bado na madoa ya mvua. Basi tushike huo.

Karibu na shule ile palikuwa na fundi cherehani ambaye watu walimwita Fundi Nafasi, na jina hilo alilichuma kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka thelathini ndiye aliyeshona sare za shule, na katika miaka yote hiyo hakumshonea mtoto hata mmoja nguo ya kumtosha. Akishapima bega au kiuno, aliongeza vidole vitatu huku na vidole vitatu kule, kisha pindo akalikunja mara mbili, ili mtoto akikua nguo iwe inamsubiri. Akina mama walimpenda kwa hilo. Watoto walisema sare ya Fundi Nafasi unaingia wewe, anaingia na mdogo wako, na nafasi ikibaki mnamwita jirani.

Kushona alikuwa hodari, hilo hakuna aliyebisha. Lakini kudharau alikuwa hodari zaidi. Alikaa nyuma ya cherehani yake nyeusi ya miguu, katika chumba chenye meza moja ndefu iliyoungua kwa pasi na katoni ya vipande vya nguo, na kupitia mlangoni aliuona mtaa mzima na kuubeulia midomo. Waliovaa nguo za dukani aliwaita magunia. Waliovaa za mafundi wengine aliwaonea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Aliyemdharau kuliko wote alikuwa mama mmoja mwenye duka pale kwenye kona, aliyekodisha magauni ya harusi na sherehe. Watu walimwita Mama Kioo, kwa sababu dukani mwake mlikuwa na kioo kirefu kuliko mlango. Akimwamkia fundi, fundi aliitikia kwa kidevu.

"Yule si fundi," alisema. "Yule ni mlinzi wa kabati."

Waraka wa shule ulipotolewa, fundi alimsomea fundi viatu, mzee mwenzake aliyeketi na kisanduku chake kwenye ngazi ya mlango uleule.

"Sikiliza hapa. 'Wanafunzi wanaomaliza watakuwa na dansi rasmi ya kuagana. Wavulana suti na tai. Wasichana gauni refu la heshima.' Dansi rasmi! Vyoo vya shule havina milango, yeye bwana mkubwa anatafuta dansi."

"Waache watoto wafurahi, mzee mwenzangu."

"Wafurahie nini? Mtoto hajui kugawanya kumi na saba kwa tatu, anafundishwa kuzunguka kama pia."

"Hata wewe hujui kugawanya kumi na saba kwa tatu."

"Mimi sijaomba kucheza."

Wiki nzima akina mama waliokuwa wateja wake wa sare walipita mlangoni pake na mabinti zao, shingo zimenyooka kama hawajawahi kumwona, wakaenda moja kwa moja kwenye kona. Walitoka na mifuko mikubwa ya nailoni iliyojaa magauni ya waridi na zambarau. Fundi aliitazama mifuko hiyo na kusonya.

"Mapazia hayo. Yametoroka dirishani kwa mtu. Na shanga zimebandikwa kwa gundi, binti akipiga chafya moja tu, zote ziko sakafuni."

Sasa, fundi huyu alikuwa na mjukuu wa kike. Mama wa binti huyo alifanya kazi mji wa mbali, akipiga pasi mashuka ya hospitali, na binti alilelewa na babu na bibi tangu darasa la kwanza. Alikuwa mrefu, mwembamba, si msemaji, lakini alipofungua kinywa ulimi ulikuwa wa babu yake. Jioni moja alikuja akasimama mbele ya cherehani na kitambaa cha satini ya kijani alichotumiwa na mama yake.

"Babu, nimechaguliwa kufungua dansi."

"Kwani imefungwa?"

"Babu, nisikilize. Mimi na kiranja mkuu ndio tunaingia uwanjani kwanza. Wengine wote wamekaa. Tuko wawili tu, shule nzima inatazama."

"Masikini wewe."

Binti hakucheka. "Unakumbuka mashindano ya michezo, nikiwa kidato cha kwanza?"

Fundi alikumbuka, ingawa alijifanya anatafuta mkasi. Sketi aliyomshonea ilikuwa na nafasi ya miaka minne, binti akaifunga kwa kamba kiunoni, na kamba ikakatika katikati ya mbio. Tangu siku hiyo mjukuu wake aliitwa Hema. Miaka ilipita, sketi zikabadilishwa, jina likabaki.

"Mpaka leo ni Hema," binti alisema. "Mara hii nishonee ya kunitosha, babu. Mimi sikui tena. Siku moja tu, na wao waone kuwa ndani ya nguo mna mtu."

"Ukitaka ya kubana, si uende kwa mlinzi wa kabati?"

"Nimekuja kwako."

Hilo lilimwingia. Alivuta tepu shingoni, akampima mabega, kifua, kiuno, urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu, akaandika namba zote nyuma ya boksi la biskuti kwa penseli.

"Nitakushonea gauni," alisema, "na hayo mapazia yatajificha uvunguni."

Asubuhi iliyofuata alitandika satini mezani, akanoa chaki, akaliegemeza boksi la biskuti mbele yake. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Kisha mkuu wa shule akapita barabarani, viatu vinalia, na nyuma yake wavulana wanne wamebeba spika kubwa kama kabati.

"Umeona?" fundi akamwambia fundi viatu. "Spika ya kukopa, hotuba ya kukopa, mpaka mwendo wake ni wa kukopa. Yule hata kivuli chake si chake."

"Angalia kazi yako," fundi viatu akamwambia.

"Kazi yangu naijua hata nikifumba macho."

Na kweli aliifanya kama aliyefumba macho. Alihama kutoka kwa mkuu wa shule akaingia kwa mwenyekiti wa wazazi, kutoka kwa mwenyekiti akaingia kwa kiranja mkuu, ambaye inasemekana alikuwa akijifunza kucheza na ufagio. Mdomo ulikuwa huko, na mkono ukashika njia uliyoizoea miaka thelathini. Alama ya chaki, kisha vidole vitatu. Alama ya chaki, kisha vidole vitatu. Boksi la biskuti lilikuwa palepale mbele yake, halikutazamwa tena. Mkasi ukapita.

Siku mbili kabla ya dansi, mchana, binti alilijaribu gauni chumbani, mbele ya babu na bibi. Kola ilikaa vizuri mno. Pindo lilinyooka kama mstari wa rula. Lakini kuanzia kwapani kwenda chini gauni lilimwachia mwili kabisa, likaning'inia, na alipogeuka lilichelewa kugeuka naye.

Bibi alilizunguka mara moja. "Mume wangu, kuna mtu mwingine anakuja kuingia humu?"

Fundi aliona. Aliona kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, na masikio yakamwaka moto. Angeweza kusema nimekosea. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Nguo ya heshima haimfinyi mtu," alisema. "Nyinyi mnataka kubanwa kama soseji."

"Si ungelipunguza kidogo ubavuni, babu?"

"Satini haipunguzwi. Ukiigusa mara ya pili inaacha matundu ya sindano, gauni linakuwa chujio."

Uongo mtupu. Matundu yanaonekana ukiipanua. Ukiipunguza yanabaki ndani ya mshono, hakuna wa kuyaona. Kila anayeshika sindano anajua.

"Asante, babu," binti alisema, akaenda kulivua.

Ilikuwa asante ya mgonjwa aliyepewa dawa ya mtu mwingine.

Kesho yake fundi alikaa kwenye cherehani akimsubiri. Angeomba mara moja tu, angelipunguza saa ileile, na angemsema kidogo ili isionekane kama amekubali kosa. Mchana binti akapita mlangoni, mfuko mkononi, shingo imenyooka kama za akina mama wa sare. Hakugeuka. Akaingia kwa Mama Kioo, na mlango ukafungwa. Alikaa mle muda wa kushonwa sare mbili, kisha akatoka na mfuko uleule.

"Basi," fundi akasema. "Kalitupa langu, kakodi pazia. Damu yangu mwenyewe."

"Au kaenda kupunguziwa," fundi viatu akasema bila kuinua macho kwenye soli.

Fundi alicheka kwa pua. "Na nani? Yule mama hajui uzi unaingia upande gani wa sindano."

Siku ya dansi alitangaza asubuhi, mchana, na tena baada ya chakula kwamba hatakanyaga huko. Saa tisa alasiri alivaa koti lake na kusema anakwenda kununua vifungo. Duka la vifungo halikuwa njia ya shule.

Wazazi hawakuruhusiwa kuingia bwaloni, kwa hiyo walijazana madirishani, wengine wamepanda juu ya matofali. Fundi alisogea dirisha la mwisho na kujikuta bega kwa bega na Mama Kioo, ambaye alishika kichupa cha gundi mkono mmoja na vipini vya nywele mkono wa pili. Mama akamwamkia. Fundi akaitikia kwa kidevu.

Ndani madawati yamesukumwa ukutani, bwalo linanuka dawa ya kusafishia sakafu, na karatasi za rangi zimening'inizwa kwenye feni mbovu. Fundi alikaribia kufurahi, jinsi palivyokuwa na vya kudharau. Wavulana walikuwa ndani ya makoti ya baba zao, mikono imepotelea humo. Waridi na zambarau zilikaa kwenye mabenchi zikiogopa kupumua. Mkuu wa shule alisema kwenye kipaza sauti kwamba dansi ni elimu, akasema tena kwamba elimu ni dansi, na walimu wakapiga makofi mara zote mbili.

Kisha muziki ukalia na mjukuu wake akaingia.

Fundi alilitazama gauni kwanza, ndivyo alivyoumbwa. Ilikuwa satini yake ya kijani, kola yake, pindo lake. Lakini ubavu ulikuwa umeingizwa ndani kwa mstari mmoja mtulivu kutoka kwapani mpaka nyongani, bila kuvuta, bila kukunjamana. Mgongoni palikuwa na mishono miwili mifupi ya kubana kiuno, ambayo yeye hakuishona, na iliishia palepale ambapo yeye angeiishia. Alitafuta kosa. Alitafuta kwa bidii, jicho moja kalifumba. Binti alipogeuka, gauni liligeuka naye.

Ndipo akamtazama mjukuu. Binti alikuwa ameinua kidevu, na kiranja mkuu, mtu wa ufagio, alihesabu hatua kwa midomo huku binti akimwongoza polepole asimkanyage. Dirisha la pili kijana mmoja akasema, "Yule ni Hema?" Mwenzake akamjibu, "Hema gani? Nyamaza tuone."

"Jamani, hilo gauni la kijani nani kashona?" mama mmoja aliyesimama juu ya tofali akauliza.

"Si babu yake, Fundi Nafasi."

"Toka hapa! Lingekuwa la Fundi Nafasi si angekuwa ameingia na mdogo wake?"

Wakacheka. Na fundi, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kujibu kicheko cha mtaani, alisikia mdomo wake ukisema, kwa sauti ya kusikika dirisha zima:

"Nimelishona mimi. Lote."

Watu wakageuka. Mama juu ya tofali akasema, "Kumbe unaweza, fundi! Ulikuwa unatuficha?" Wengine wakampa hongera, mmoja akamshika mkono. Mama Kioo alikuwa palepale, bega kwa bega naye. Alimtazama fundi mara moja, akatazama ndani. Kwenye kidole chake cha shahada, pale sindano inaposukumiwa, ngozi ilikuwa ngumu na ya kung'aa, kama ya fundi mwenyewe.

"Hongera, fundi," akasema naye.

Dansi ilikwisha jua likiwa bado lipo. Fundi alimkuta Mama Kioo getini, ameinama, anaokota shanga za zambarau moja moja kwenye kokoto na kuzitia kwenye leso. Alisimama juu yake. Maneno ya kumdharau yalikuja yenyewe, kama kawaida, yakafika kinywani, yakakosa pa kutokea.

"Wewe mama."

"Naam, fundi."

"Pale dirishani. Niliposema nimelishona lote. Mbona ulinyamaza?"

Mama Kioo aliokota shanga nyingine, akaipuliza vumbi. "Nishikie leso hii, fundi," akasema, "mgongo wangu leo haunitaki."

Akaishika. Waliokota shanga mpaka zikaisha, na mama akaenda zake.

Fundi aliendelea kuyaita magauni ya mama yule mapazia, hilo hakuliacha. Lakini aliitikia salamu zake kwa mdomo, na kila alipoona hakuna anayesikiliza aliuliza tena. Mama alimjibu habari ya jua, habari ya vumbi, habari ya bei ya gundi. Alimuuliza mjukuu, mjukuu akasema muulize mwenyewe. Alimuuliza mkewe, mkewe akaendelea kukunja nguo. Mpaka macho yalipomwishia na cherehani ikafunikwa, alikuwa bado analiuliza lilelile. Ni neno moja tu lingetosha, watu wote wale wamesimama pale wanasikia, mbona alinyamaza?