Nilisaini, Kisima Kikafungwa

Siku uvumilivu uliponiishia, mwanangu Kabula, ulikuwa mgongoni mwangu, unaharisha kwa siku ya tatu. Uzio wa mgodi ulikuwa umekizunguka kisima chetu wiki ya pili, na tulikuwa tunakunywa maji ya dimbwi pamoja na ng'ombe. Nikamwendea mlinzi na ndoo yangu.

"Mama Kabula, rudi nyumbani. Mlikubali wenyewe."

"Nani alikubali?"

"Majina yenu yapo ofisini. La kwako ndilo la kwanza."

Nilibwaga ndoo chini mpaka ukashtuka ukalia. Maana ni kweli, lilikuwa la kwanza.

Ngoja nikueleze ujinga wangu. Mficha uchi hazai. Kabla ya hapo watu wa mgodi waliitisha mkutano shuleni. Wakagawa soda, wakapitisha karatasi iliyokunjwa sehemu ya juu, chini mistari mitupu ya majina. Mimi ndiye mwenye kidato cha nne, akina mama wa kitongoji hunitegemea niwasomee. Nikawaambia, "Ni mahudhurio tu hayo, sainini, soda zisipate moto." Wakasaini. Wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Bibi yangu peke yake, asiyejua hata herufi a, akaficha kidole ndani ya kanga.

"Bibi, unanitia aibu."

"Ng'wanawane, mwanangu, kidole changu hakitembei bila mimi. Niambie kwanza kinakwenda wapi."

Wanawake walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kumbe pale palipokunjwa paliandikwa kwamba tumeridhia kisima kiingie eneo la mgodi.

Malori yanapita na vumbi lake, dhahabu inaondoka, na bango la "maendeleo ya jamii" limesimama mbele ya bomba ambalo halijawahi kutoa tone. Siku ile ya mlinzi nilirudi kwa Bibi nikilia. Hakunibembeleza. "Umesoma miaka kumi na mmoja," akasema, "ukashindwa kukunjua karatasi."

Neno hilo linaniwasha mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu. Karatasi iliyokunjwa, ikunjue. Anayekuharakisha na kalamu, muulize anakimbilia wapi. Na ukikosea mbele za watu, usijifiche ndani na aibu yako. Rudi palepale ukaseme. Mungu akupe maji safi, na akupe kidole kigumu kama cha Bibi.

Mimi nilirudi. Jumatatu nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, wewe mgongoni, barua yangu mkononi.

"Iache hapo mezani, tutaisoma."

"Isome nikiwa nimesimama hapa."

Sikuondoka mpaka akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Imekaa ndani ya kadi yako ya kliniki, na bado haijajibiwa:

"YAH: MALALAMIKO YA KUFUNGIWA KISIMA. Nilisaini mahudhurio, sikusaini kisima. Kuwashawishi wenzangu ni kosa langu. Kuikunja karatasi ni kosa la walioileta. Naomba uzio uondolewe, na karatasi ile isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, ikiwa imekunjuliwa."