Jina la Mkwe Wangu

Mwaka ule chama kilipoamua kuwang'oa kwa kura wajumbe dhaifu wa baraza la wilaya, mimi nilikuwa katibu wa tawi letu pale Dunda. Sikupewa ukatibu kwa ujasiri. Nilikuwa fundi cherehani mwenye mwandiko mzuri, basi. Tulikutana katika chumba changu cha kushonea, na mwenyekiti akaniamuru niandike majina ya wajumbe ambao "wakisukumwa kidogo tu wanaanguka." Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la baba mkwe wangu, mjumbe wa Mlingotini.

Nikaweka kalamu chini.

"Andika, katibu," mwenyekiti akasema.

"Huyu ni mkwe wangu."

"Ndiyo maana utakwenda wewe. Watakusikiliza."

Siwezi kusema walimwonea. Mzee alikaa barazani miaka na miaka bila kufungua mdomo, na siku alipoufungua ilikuwa ni kukubali amri ya serikali kwamba mtu asikate mikoko bila kibali cha Bwana Misitu, yule Mzungu msimamizi wa misitu. Mlingotini nzima imejengwa kwa boriti za mikoko! Tangu siku hiyo watu walimwitikia salamu nusunusu.

Nyumbani, mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku akikuna nazi. "Nenda," akasema. "Lakini chakula cha safari hiyo kapikiwe kwa mwenyekiti wako."

Nikaenda Mlingotini kwa baiskeli siku tatu mfululizo, nikipita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wasimchague mzee. Kila nilipoingia waliniuliza kwanza hali ya mke wangu, kisha wakaniuliza kama baba yake anajua nilipo. Alijua. Siku ya tatu nilimkuta kasimama njiani ananingoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka. Njoo ule."

Nikala samaki wa kupaka. Nilipokwisha kunawa akanipa karatasi. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Niandikie barua kwa watu wangu, niwaombe wanichague tena."

"Baba, mimi ndiye ninayewaambia wasikuchague!"

"Najua. Hiyo ilikuwa kazi yako ya asubuhi. Sasa ni alasiri."

Nikaandika. Tena niliandika vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi njia nzima ya kurudi.

Halafu akaja mgombea wetu, bwana wa mjini aliyesoma, hodari wa kusema. Nilimwambia mara tatu kabla hajasimama kuwahutubia watu wa Mlingotini: "Zungumza habari ya mikoko." Akazungumza habari za mataifa ya ulimwengu mpaka adhana ya adhuhuri ikamkata. Bibi mmoja aliyekaa mbele akamuuliza, "Na boriti zetu, mwanangu?"

"Boriti zipi?" akajibu.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Hata hivyo tulishinda, maana watu walikuwa na hasira na mzee kuliko walivyokuwa na imani na sisi. Mke wangu hakusema nami siku nne. Nikidhani mambo yamekwisha, wiki mbili hazijapita, baba mkwe akaja Dunda na kanzu safi, akakata kadi ya chama. Wakubwa walifurahi kupita kiasi. Wakampa uenyekiti wa tawi jipya la Mlingotini na kiti katika kamati ya wilaya, juu yetu sote. Mimi niliyekanyaga baiskeli kwenye mchanga nikawa ninapokea maagizo yake.

Jambo lake la kwanza lilikuwa kuwachukua wanakijiji mpaka ofisini kwa Bwana Misitu. Nilifuatana nao niandike yatakayosemwa. Yule mzee aliyesinzia barazani miaka yote alisema kwa sauti kali, hoja juu ya hoja, mpaka Mzungu akakubali kwamba mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe akate boriti bila kibali. Mjumbe wetu mpya hakutokea, alituma salamu.

Tulipotoka nje sikuweza kujizuia. "Baba, kwa nini hukuyasema haya ulipokuwa mjumbe?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Wakati ule hakuna aliyeniambia niseme," akajibu, kisha akanikabidhi mkoba wake nimbebee.

Niliubeba mpaka Mlingotini. Sidhani kama alitambua kwamba nimenuna.