Papa Anatembea, Mi Nasalimia

Kwetu mi njo nilijulikana muvivu. Maman alikuwa anasema hata mbuzi yenye kufungwa inanipita kutembea. Papa yeye ni fundi wa kushona, mutu wa kimya. Anaweza kushona suruali tatu bila kufungua kinywa.

Siku moja munganga akamupima tansio, ile nguvu ya damu, akakunja uso. "Papa, utembee nusu saa kila siku. Ukiendelea kukaa tu pa mashine, hii damu itakuangusha."

Papa akaenda, akarudia pa kona. Shida haikuwa miguu. Hapa Bukavu huwezi kupita mutu bila kumusalimia, na ukisalimia banauliza bibi, batoto, kazi, na unaenda wapi. Papa hakuwa na jibu ya "unaenda wapi". Mutu muzima anatembea bure? Maman akamupa bidon tupu, ionekane anaenda maji. Mama mwenye kuuza makala akamuuliza: "Ee papa, na batoto yote ile, ni weye unachota maji?" Papa akarudi, akaweka bidon chini, akakaa pa mashine. Wiki nzima hakutoka.

Maman akaanza kumuangalia namna banaangalia chungu yenye ufa. Kisha akanigeukia: "Na weye, ile mudomo yako yenye haichoki kusema, haiwezi kusaidia kitu?"

Basi nikamusindikiza. Siku ya kwanza hatukufika hata Nyawera, kule juu ya mulima. Kila hatua nasimama napiga habari, na Papa anasimama nyuma yangu kama mutu analinda muzigo. Munganga alisema kutembea, hakusema kusimama.

Kesho yake nikatangulia mbele kidogo. Mutu akija, nakamata mukono yake, nauliza bibi, batoto, kazi. Wakati anajibu, Papa anapita pembeni, kimya. Akishapita, naaga, nakimbia kumupita Papa, natega mwingine. Ile mulima ya kwenda Nyawera niliipanda mbio miezi mbili, mi mwenye kulinganishwa na mbuzi.

Tukarudi kwa munganga. Akapima, akapima tena, akatabasamu. "Tansio imeshuka, Papa. Ulifanya namna gani?"

Papa akanionyesha na kidevu. "Mi natembea, huyu njo anasalimia. Suruali yake nimeshaipunguza mara mbili."