Siku Nilipowadanganya Samaki

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona aibu upya. Umenipigia simu kunieleza kwamba umepata kazi ya kulinda lango la bwawa. Nimefurahi. Lakini nisikilize kidogo, maana kazi hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, na niliifanya vibaya.

Sisi wa Ndalu tumezoea mvua. Nilipoajiriwa kwenye bwawa lililo mbele ya Kitale, mahali mto unapouacha Mlima Elgon na kuteremkia nyika kavu, nilidhani maji ni maji tu. Nilikuwa kijana, nimepewa ufunguo wa lango la chuma, basi kichwa kikavimba. Huko chini, kiangazi mto hubaki vidimbwi, na humo kambare hujibana wakingoja. Mafuriko ya kwanza yakishuka, wanapanda na mayai tumboni kwenda kutaga majanini. Wenyeji walikuwa na mwiko: samaki anayepanda hakamatwi. Hukamatwa akirudi.

Sasa tope lilikuwa limejaa langoni, nami nilitaka msimamizi akija akute pasafi, anisifu. Asubuhi moja jua likiwaka nikafungua lango bila kumwuliza mtu. Maji mekundu yakashuka kwa kishindo. Alasiri nikafunga, nikaenda zangu kunywa chai.

Kesho yake nikakuta kambare wametapakaa mchangani, matumbo yamejaa mayai, wengine bado wanapanua midomo. Walisikia maji wakadhani ni masika. Nami unajua nilifanya nini? Nilicheka, nikaanza kujaza gunia.

Ndipo akaja Kogo, yaani nyanya, kama tulivyomwita sote. Alikuwa mjane aliyetega samaki kwa vikapu na kuwakausha, na kwa kazi hiyo alilea wajukuu wake.

"Si ni samaki tu, Kogo. Chukua mbili," nikamwambia.

"Ni wewe umefungua hii maji?"

"Ndio. Nilikuwa naosha tope."

"Sasa uliziita za nini, kama hukuwa na maji ya kuzipa?"

Hakupaza sauti. Aliinama akaokota waliokuwa wakipumua, akawatia kwenye debe, akawarudisha dimbwini, akaja tena, na tena. Nilimwaga gunia nimsaidie, lakini wangu walikuwa wamekwisha kufa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Masika ya kweli yalipofika, mto ulijaa na samaki wa kupanda hawakuwapo. Vikapu vya Kogo vilitoka na majani tu. Mwishowe aliwachukua wajukuu wakahamia kwa binti yake, mtaa wa Tuwan, mjini Kitale. Kila nilipokwenda Kitale nilisema leo nitapita nimwombe msamaha. Sikupita. Nikasikia amezikwa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajanyamaza hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, usifungue lango kwa kutafuta sifa. Kabla hujaugusa ufunguo huo, shuka mto kwa miguu, uwaulize wanaokaa chini samaki wanapanda lini. Mafuriko ya kwanza yakija, yaache yapite, hata msimamizi akinuna. Na ukilazimika kufungua kiangazi, fungua kidogo, ufunge polepole, ili waliodanganyika wapate kurudi. Ukikosea, nenda ukaombe msamaha siku hiyo hiyo.

Mungu akujalie sikio la kuwasikia walio chini yako. Na siku utakapourudisha ufunguo, mto uwe bado una samaki wa kupanda.