Mwanamke Mishumaa Yamtosha

Harufu ya nta hunirudisha Nyali, kwa bibi wa Kiyahudi ambaye mama alimfulia nguo. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, bibi aliwasha mishumaa, akafungua Torati na kusoma polepole, kidole juu ya herufi.

Siku moja kakake, mgeni kutoka Nairobi, alimcheka. “Uzee huu bado wajifunza? Torati waachie wanaume. Mwanamke mishumaa yamtosha.”

Hadi leo damu hunichemka.

Bibi alipiga meza. “Mwaka jana niliomba kwa mazoea. Mwaka huu naelewa ninachomwambia Mungu. Wataka nirudi nyuma?”

Mama, mikono ingali na povu, akadakia mlangoni: “Soma, bibi. Wallahi, soma!”

Bibi akasoma kwa ghadhabu, sauti ikafika hadi langoni.