Thamani Batili

Siku ile nilikuwa karakanani kwetu Manzese, ambako mafundi wenzangu huunda mashine za kutotolesha vifaranga na mie huandika programu ya kuziongoza. Mteja wetu mmoja, mama wa makamo anayefuga kuku Mbagala, alipiga simu kunishukuru. Alisema mashine imemwambia mapema kwamba mayai yake yameharibika, kwa hiyo ameshayatupa.

Mashine yetu hupima joto tu. Kuhusu yai haijui lolote.

Nilichukua bodaboda mpaka kwake. Nilipokwisha kumwamkia, alinionyesha alivyofanya. Mayai yalikuwa yametimiza siku ya kumi na nane, siku ya kupunguza joto kidogo, naye alitaka kuandika 37.2. Akasahau nukta, akaandika 372. Kwenye kioo cha mashine yakatokea maneno mawili niliyoyaandika mwenyewe kumaanisha namba haikubaliki: "Thamani batili."

"Mwanangu, funga ikibatilika naijua, ndoa batili naijua," alisema. "Nikaona basi, mayai hayana thamani tena."

Tulikwenda kwenye shimo la taka nyuma ya banda. Trei tatu nzima zilikuwa zimemwagwa humo, na mayai mengi yalikuwa yamepasuka. Niliokota moja lenye ufa, bado lina uvuguvugu, nikabandua ganda. Kifaranga kilikuwa ndani kimejikunja, kikifumbua na kufumba mdomo. Mama alikaa palepale mchangani. Mie sikujua nikishike vipi. Maneno yale niliyaandika kwa nusu dakika tu, nikaona yametosha.

Mayai kumi na moja mazima tuliyarudisha ndani. Mashine ilikuwa imeikataa ile 372 na kubaki na joto lake la awali. Baada ya siku nne vilitoka vifaranga vinne.

Wiki ile ile nilirudi na karatasi, nikamsomea onyo jipya: "Umeandika 372. Andika namba kati ya 30 na 40. Huenda umesahau nukta. Joto la ndani halijabadilika."

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Iandike pia kwamba mayai haiyajui."

Nikaongeza chini: "Mashine hii haipimi mayai." Akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe polepole, mara mbili, akanirudishia.